Atlasi: mlima, mfupa wa shingo, roketi, kitabu cha ramani na kitambaa. Tulifumue neno hili

Mchora Ramani (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye ule uzi wa nyota yenye mkia, 3I/ATLAS, ubishi ulikesha. Mmoja alisema imepewa jina la mungu wa Kigiriki anayebeba dunia. Mwingine akasema jina ni la kitabu cha ramani. Wa tatu akasema wazungu wanatupanga, na huyo sikumwelewa alitaka kufika wapi. Ukweli ni kwamba jina hilo ni la mtandao wa darubini unaovizia miamba ya angani inayoweza kuigonga dunia. Darubini yake moja iliyoko Río Hurtado, Chile, ndiyo iliyoinasa nyota hiyo tarehe 1 Julai 2025, ikawa kitu cha tatu kujulikana kuingia kwetu kutoka nje ya mfumo wa jua, baada ya 'Oumuamua wa 2017 na Borisov wa 2019. Wenye darubini walipanga maneno ya jina lao refu makusudi ili herufi za mwanzo zitoe ATLAS. Hapo ndipo swali langu linapoanzia: kwa nini kila mtu analigombania jina hili?

Msimamo wangu niuweke mezani mapema ili tubishane vizuri. Atlas zote mnazozisikia zina baba wawili. Kuna Atlas mbebaji, yule wa visasili, na kuna Atlas msomi, ambaye wengi hawajawahi kumsikia. Milima, mifupa, nguzo na maroketi ni ukoo wa mbebaji. Vitabu ni ukoo wa msomi. Tukishawatenganisha, mambo yananyooka.

Naanza na mbebaji.

Mshairi Hesiod, wa yapata miaka 700 kabla ya Kristo, anamtaja Atlas kuwa mtoto wa Iapetus na ndugu wa Prometheus, yule aliyeiba moto akawapa binadamu. Ukoo wao ni wa Matitani, miungu wa kizazi cha kabla ya Zeus. Vita ikapiganwa miaka kumi, Matitani wakashindwa, wengi wakafungiwa shimoni chini kabisa ya ardhi. Atlas alipewa adhabu ya peke yake: asimame ukingoni mwa dunia upande wa magharibi, aishike mbingu kwa kichwa na mikono, asipumzike.

Soma tena hapo. Mbingu. Hakuna mahali Hesiod anasema alibebeshwa dunia.

Homer naye ana yake: kwake Atlas anajua vina vya bahari zote, na anazishikilia nguzo ndefu zinazozitenganisha ardhi na mbingu. Yaani kazi yake ni kuzuia paa lisituangukie.

Nikomee hapa kwanza, najua kuna watu vidole vinawasha.

Dereva wa Usiku

Mkuu, mimi tangu shule ya msingi najua jamaa anabeba dunia. Picha zote kainama, mgongoni kuna mpira. Leo unatuambia ni mbingu? Ule mpira ni nini sasa?

Mchora Ramani

Kaka, swali lako ndilo lenyewe. Sanamu maarufu kuliko zote za Atlas iko Naples, Italia, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia. Huitwa Atlas wa Farnese. Ni marumaru, kazi ya Warumi ya karne ya pili baada ya Kristo, iliyonakiliwa kutoka sanamu ya Kigiriki ya zamani zaidi. Mzee kapiga goti moja, misuli ya shingo imemvimba, na begani kuna mpira wa karibu sentimita 65 kwa upana. Ukiusogelea huo mpira huoni bara wala bahari. Unaona ng'ombe dume, kaa, mbwa, merikebu, yaani makundi ya nyota yamechongwa juu yake kama yanavyoonekana ukiitazama mbingu kwa nje. Mchongaji alitaka kuonyesha mbingu, na Wagiriki waliifikiria mbingu kuwa tufe, kwa hiyo akachonga tufe.

Hata ile ya shaba iliyoko New York, mbele ya jengo la Rockefeller, iliyosimamishwa 1937, ukiitazama vizuri haina dunia. Ni mapete makubwa yaliyopishana, ramani ya njia za anga.

Baadaye, zama za globu za shule, kila aliyeona mpira begani alidhani ni dunia. Halafu jiulize tu: angebeba dunia, yeye angesimama wapi?

Dereva wa Usiku

Hapo kwenye kusimama umenimaliza. Endelea mkuu.

Mchora Ramani

Sasa kisa cha Heracles, ambaye sinema zimemzoesha kwa jina la Hercules. Nakitoa kirefu kidogo maana ndicho ninachokipenda.

Heracles alitumwa na mfalme Eurystheus akalete matofaa ya dhahabu ya bustani ya Hesperides, huko huko magharibi anakosimama Atlas. Prometheus akamnong'oneza: usiende mwenyewe, mtume Atlas, wewe mshikie mzigo. Ikawa hivyo. Heracles akaingiza mabega chini ya mbingu, Atlas akanyoosha mgongo, akaenda, akarudi na matofaa matatu. Lakini amekwisha kuonja uhuru. Akasema, haya matofaa nitampelekea mfalme mimi mwenyewe, wewe endelea kushika. Heracles hakubisha. Akasema sawa, ila nishikie mara moja tu, nijiwekee ngata kichwani, mzigo unaniumiza. Atlas akaweka matofaa chini, akaipokea mbingu. Heracles akaokota matofaa, akaenda zake.

Wenzangu mliokulia kijijini hamhitaji kuelezwa. Mzigo haukai kichwani bila ngata, na huwezi kuisokota ngata huku mzigo uko juu. Lazima mtu akutue. Hila ya Heracles inamnasa mtu yeyote aliyewahi kubeba ndoo ya maji.

Na hii si chumvi ya wasimulizi wa baadaye tu. Kwenye hekalu la Zeus kule Olympia kulikuwa na mabamba ya mawe yaliyochongwa yapata mwaka 460 kabla ya Kristo. Moja lipo kwenye makumbusho ya hapo hadi leo. Heracles kasimama wima, kainamisha kichwa, mikono juu, na kati ya shingo yake na mzigo kuna mto uliokunjwa. Nyuma yake mungu mke Athena anamsaidia kwa mkono mmoja tu, kwa raha zake, kama anayezuia pazia lisipepee. Mbele Atlas anamnyooshea matofaa. Mchongaji alikumbuka mpaka ule mto.

Mnazi Damu

Ngata tumeielewa. Mimi niambie Simba wa Atlas, timu ya taifa ya Moroko, maana hao wameshatutoa machozi. San-Pédro kule Ivory Coast 17 Januari 2024 walitupiga tatu bila. CHAN tukajua tuko nyumbani, robo fainali 22 Agosti 2025 kwa Mkapa, wakatutoa moja bila. Huyo Atlas ni wa kwenu kwenye vitabu au ni mwingine?

Mchora Ramani

Pole mkuu, nami nilikuwepo kwa Mkapa siku ile, tusikumbushane.

Ni yuleyule, kupitia mlima. Wagiriki waliposafiri magharibi wakasikia habari za milima mikubwa kaskazini ya Afrika. Herodotus, karne ya tano kabla ya Kristo, anautaja mlima Atlas kuwa mwembamba, wa mviringo, mrefu kiasi kwamba kilele hakionekani, mawingu hayaondoki kiangazi wala kipupwe, na wenyeji wanauita nguzo ya mbingu. Anaongeza kwamba watu wa hapo hawali kitu chenye uhai na hawaoti ndoto usingizini. Hiyo ya ndoto aliipata kwa nani, Mungu anajua.

Leo milima ya Atlas ni safu ya kilomita zipatazo 2,500 kupita Moroko, Aljeria na Tunisia. Kilele cha juu ni Toubkal, mita 4,167, huko Moroko. Kwa sisi wenye Kilimanjaro ya mita 5,895 si wa kututisha, lakini kwa mtu wa kwenye mashua anayeuona ukiibuka na theluji juu, nguzo ya mbingu si jina la ajabu. Waamazigh, wenyeji wa milima hiyo, mlima huuita adrar, na wapo wasomi wanaodhani Wagiriki walilisikia neno hilo wakalisogeza likae karibu na jina walilokuwa nalo tayari.

Kutokana na mlima ndiyo tukapata Bahari ya Atlantiki, yaani bahari ya Atlas. Halafu yule simba. Alikuwepo kweli kwenye misitu ya milima hiyo, na wa mwisho anayejulikana kupigwa risasi Moroko ni wa 1942. Bustani ya wanyama ya Rabat inafuga vizazi vya simba waliokuwa wa wafalme wa Moroko. Porini hayupo tena, amebaki kwenye jezi. Na kwenye jezi hiyo ndiyo wakafika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2022, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo.

Tabibu wa Zamu

Naomba nichangie upande wangu, nafanya kazi chumba cha mionzi. Atlas kwetu ni pingili ya kwanza kabisa ya shingo, ile fuvu linayoikalia. Na kwa kweli jina linastahili, maana kichwa cha mtu mzima kina kilo nne hadi tano, na chote kimekaa juu yake.

Umbo lake ni la peke yake. Pingili nyingine zina gogo nene la mfupa kwa mbele, atlas haina. Ni pete tu, ina vikombe viwili vya kukalia fuvu. Ukiitikia ndiyo kwa kichwa, ni fuvu linayumba juu ya atlas. Ukikataa, atlas na fuvu vinazunguka pamoja juu ya pingili ya pili, ambayo ina kijino kimechomoza juu kikapenya ndani ya ile pete. Kama pini ya bawaba.

Kazi kuipiga picha. Ukimpiga mtu kwa mbele, taya na meno vinaifunika. Tunamwambia mgonjwa apanue mdomo mpaka mwisho, picha inapita kinywani, ndipo unaiona pete pande zote mbili. Akifumba kidogo tu unaanza upya. Wanaotuletea kazi hii zaidi ni ajali za barabarani na vijana wanaopiga mbizi kwa kichwa kwenye maji mafupi. Kichwa kinagonga chini, uzito wote unashuka kwenye ile pete, inapasuka sehemu zaidi ya moja. Daktari Mwingereza Geoffrey Jefferson aliandika kuhusu mvunjiko huo mwaka 1920 na unaitwa kwa jina lake. Msipige mbizi mahali msipojua kina, ni hilo tu.

Kichekesho chetu: ili mwanafunzi aijue atlas lazima afungue atlasi, ile ya picha za mwili.

Mchora Ramani

Asante sana daktari, umenirahisishia. Kichekesho chako ndicho mlango wa baba wa pili.

Kitabu cha ramani kwa nini kinaitwa atlasi? Jibu la mitaani ni kwamba jalada lilikuwa na picha ya Titani kabeba dunia. Si hivyo.

Gerardus Mercator, mchoraji ramani wa karne ya 16 aliyezaliwa 1512 Rupelmonde, kwenye Ubelgiji ya leo, ndiye mwenye ile ramani ya 1569 inayoifanya Greenland ilingane na Afrika. Afrika ni kubwa mara kumi na nne, lakini huo ni ugomvi wa uzi mwingine. Mwaka 1544 alikaa ndani miezi saba kwa tuhuma za uzushi wa dini, akatoka, baadaye akahamia Duisburg, Ujerumani. Huko akaanza mradi wa kuandika kila kitu: uumbaji, mbingu, nchi, historia. Alikufa Desemba 1594 kazi haijaisha. Mwanawe Rumold akaichapa mwaka uliofuata, 1595, ikiwa na neno Atlas mwanzoni mwa jina lake refu la Kilatini, ambalo kwa kifupi ni tafakari juu ya kuumbwa kwa ulimwengu na sura ya kilichoumbwa. Kurasa za mwanzo si ramani hata kidogo, ni maelezo ya siku za uumbaji.

Na Mercator mwenyewe alieleza ni Atlas yupi. Alimtaja mfalme wa Mauretania, mwanafalsafa, mtaalamu wa hesabu na nyota, aliyesadikiwa kuwa wa kwanza kutengeneza tufe la mbingu. Mauretania hiyo ni ya kale, pande za Moroko na Aljeria, si nchi ya Mauritania tunayoijua leo. Kwa hiyo jina la kitabu lilikuwa heshima kwa msomi, mfalme wa Afrika kaskazini. Titani aliyeadhibiwa hakuwa akilini mwake.

Ongeza na hili. Mercator hakuwa wa kwanza kufunga ramani pamoja kitabuni. Rafiki yake Abraham Ortelius alishachapa kitabu kamili cha ramani za dunia huko Antwerp tarehe 20 Mei 1570, miaka 25 kabla. Alikiita Theatrum, yaani jukwaa. Kitabu kilipendwa, kikauzika, lakini jina halikudumu. Mwaka 1606 Jodocus Hondius, aliyekuwa amenunua mabamba ya Mercator, akakitoa upya kwa ramani zaidi, na hapo neno atlas likashika kasi. Bila Hondius huenda leo watoto wangekuwa wanabeba jukwaa la shule begani.

Toka hapo neno likaacha hata ramani. Kitabu chochote cha picha zilizopangwa kwa utaalamu kikawa atlasi: ya mwili, ya ndege, ya lahaja za lugha. Tangu 2016 kuna wanasayansi wa nchi nyingi wanaoorodhesha aina zote za chembe za mwili wa binadamu, na kazi yao wanaiita atlasi.

Somo wa Mji Mkongwe

Hamjambo nyote. Nimewasoma toka mwanzo nikasema leo watu wa bara wataimaliza atlasi bila kuigusa. Kwetu Unguja, kabla sijajua ramani, atlasi ni kitambaa. Kile cha hariri, upande mmoja unateleza na kung'aa, upande wa pili umefifia. Bibi yangu alikuwa na mto wa atlasi nyekundu, ukiulalia shavu unateleza mpaka ukutani. Mwanangu, huyo mtu wako wa kubeba mbingu alikuwa mshoni?

Mchora Ramani

Shikamoo bibi, nilikuwa nakungoja wewe.

Hiyo ni kweli tupu, na kamusi za zamani za Kiswahili zinaiandika atlasi ya kitambaa. Lakini haina udugu na Mgiriki. Imetujia kwa Kiarabu, ambako atlas ni kitu laini kilichofutika, kisicho na nywele wala alama, ndipo ikawa jina la kitambaa kinachoteleza. Wajerumani nao wanalo lilelile, dukani kwao Atlas ni kitambaa na darasani ni kitabu cha ramani, na neno la kitambaa walilipata mashariki kama sisi. Watoto wawili wa majina sawa, wazazi mbalimbali.

Ila kuna jambo moja hapa ambalo linanikosesha usingizi. Wanafalaki wa Kiislamu waliipanga mbingu kwa matabaka, moja ndani ya jingine. Lile la nje kabisa, lisilo na nyota hata moja, waliliita falaki ya atlas, mbingu laini isiyo na alama. Kwa hiyo mtu akikwambia Atlas ana uhusiano na mbingu, hata kwa upande wa kitambaa hajakosea sana, ingawa ni bahati tu ya maneno kugongana.

Somo wa Mji Mkongwe

Marahaba. Haya, hiyo ya falaki nimeipenda. Lakini mkiandika kamusi mpya kitambaa kitangulie.

Mkulima wa Bonde

Swali la haraka. Nimesikia Kilimia nacho kina habari na huyo Atlas. Ni kweli au ni story za vijiweni?

Mchora Ramani

Kweli kabisa, na hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo sehemu inayotuhusu moja kwa moja.

Kilimia, zile nyota zilizosongamana tunazozijua pwani na bara, Wagiriki waliziita Pleiades na kusema ni mabinti saba wa Atlas. Sisi jina tumelitoa kwenye kulima. Wazee wana usemi: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Sasa msikilize Hesiod, yuleyule wa mwanzo, kwenye shairi lake jingine la kumfunza nduguye kazi za shamba. Anasema mabinti wa Atlas wanapochomoza, anza kuvuna. Wanapotua, anza kulima. Usiku na mchana arobaini hawaonekani, kisha wanarudi wakati wa kunoa mundu. Na kwa mabaharia: wakikimbilia baharini kumkwepa Orion, kundi jingine la nyota, vuta jahazi pwani, pepo zimechafuka.

Msimu si mmoja. Kule wanalima wakati wa baridi ya mvua, huku tuna masika na vuli. Lakini kundi la nyota ni lilelile na kazi waliyolipa ni ileile, kumwambia mkulima lini ashike jembe.

Ukitoka nje usiku wa Desemba au Januari utakiona juu. Wengi kwa macho wanahesabu nyota sita. Mojawapo, ya pili kwa mng'ao, si binti: ndiye Atlas mwenyewe. Wataalamu walimweka pembeni upande wa mashariki wa kundi pamoja na mama yao Pleione.

Fundi Saa

Mkuu, roketi je? Uliahidi kwenye kichwa cha uzi.

Mchora Ramani

Nakuja. Roketi ya Atlas ilianza kama silaha, kombora la kwanza la Marekani la kuvuka mabara kuwekwa tayari kwa vita. Jaribio la kwanza, 11 Juni 1957, liliishia kulipuliwa angani muda mfupi baada ya kuruka. Ninachokipenda ni jinsi ilivyotengenezwa. Ili iwe nyepesi, ukuta wa matangi yake ulikuwa wa chuma cha pua chembamba ajabu, hata milimita mbili haufiki, bila mbavu za ndani. Kilichoisimamisha ni shinikizo la gesi iliyojazwa ndani. Gesi ikitoka, roketi inajikunja yenyewe kwa uzito wake, na iliwahi kutokea kweli ikiwa imesimama mahali pa kurushia. Jina la mshika mbingu, na yenyewe haijimudu kusimama bila pumzi.

Lakini 20 Februari 1962 roketi hiyo ndiyo iliyomrusha John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia. Na hapa bibi wa Mji Mkongwe atanisahihisha: kati ya vituo vya kumfuatilia, kimoja kilikuwa Unguja, pande za Tunguu. Glenn akipita juu ya Bahari ya Hindi alizungumza kwa redio na Zanzibar. Siasa za mjini zilikipigia kelele, watu wakishuku ni kambi ya makombora. Mapinduzi ya Januari 1964 yakakikuta, na mwaka huohuo kikafungwa.

Somo wa Mji Mkongwe

Sikusahihishi, kilikuwepo. Nilikuwa mdogo, tulikatazwa kukaribia uzio. Wakubwa walikiita kituo cha roketi ingawa roketi hatukuiona.

Mchora Ramani

Nyingine napita haraka. Kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kuna mtambo wa ATLAS, tani 7,000, urefu mita 46, umefukiwa karibu mita 100 chini. Huo na mwenzake CMS ndio waliotangaza kuiona chembe ya Higgs 4 Julai 2012. Zohali ina mwezi mdogo uitwao Atlas, uliogunduliwa 1980 kwenye picha za Voyager, na chombo cha Cassini kilipoupiga picha kwa karibu mwaka 2017 ukaonekana wazi ulivyo kama kitumbua, katikati umetuna, ukingo umechongoka pande zote. Kuna roboti la kutembea kwa miguu miwili. Kuna kompyuta ya Manchester ya 1962. Wote hao wamelichukua jina hilohilo, basi.

Msoma Vitabu

Nimenyamaza muda mrefu, sasa nina shoka la kuleta. Kuna hadithi kwamba shujaa Perseus alimwonyesha Atlas kichwa cha Medusa, kinachomgeuza jiwe kila anayekitazama, akageuka mlima. Sawa. Perseus alimzaa Electryon, Electryon akamzaa Alcmene, na Alcmene ndiye mama wa Heracles. Sasa Heracles alimkuta vipi akinyoosha mgongo na kuchuma matofaa, mtu ambaye babu wa mama yake alishamgeuza jiwe?

Mchora Ramani

Ha! Nilikuwa naomba asije mtu na hili.

Hadithi ya Perseus na mlima inayojulikana zaidi ni ya Ovid, mshairi Mrumi, aliyeiandika karne saba baada ya Hesiod. Kwake Atlas hana adhabu ya Zeus. Ni mfalme tajiri mwenye bustani ya dhahabu, aliyetabiriwa kwamba mtoto wa Zeus atakuja kumwibia. Perseus anapobisha hodi na kujitambulisha kuwa mtoto wa Zeus, anafukuzwa mlangoni. Ndipo anatoa kichwa cha Medusa. Ndevu na nywele zinakuwa misitu, mabega yanakuwa matuta, kichwa kinakuwa kilele, mifupa mawe, na mbingu pamoja na nyota zake zote ikatua juu yake. Hakukuwa na mhariri wa kuzioanisha. Kila msimulizi alichukua Atlas aliyemfaa.

Msoma Vitabu

Ngoja kidogo. Umesema Ovid anamwita mfalme. Na Mercator naye alimsema mfalme. Basi ile ya baba wawili imekufa, ni mtu mmoja.

Mchora Ramani

Nilisema baba wawili, sikusema hawajuani.

Aliyewaunganisha yupo. Diodorus wa Sisilia, mwanahistoria wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, hakuwa na subira na miungu. Yeye anasema Atlas alikuwa mtu, mtawala wa pande za bahari ya magharibi, aliyeijua elimu ya nyota kuliko wenzake na kuwa wa kwanza kufundisha kwamba mbingu ni tufe. Watu wakasema huyu mbingu nzima iko kwake. Mdomo kwa mdomo, ikawa iko mabegani kwake. Kwa Diodorus, Titani alizaliwa na msomi, na habari za namna hiyo ndizo Mercator alizisoma.

Binafsi sidhani Diodorus yuko sahihi, maana Hesiod ana mbebaji karne nyingi kabla yake na hana habari na mfalme yeyote. Lakini kwa mtu aliyekuwa anachora ulimwengu wote kwenye karatasi akiwa na miaka themanini na ushee, naelewa kwa nini alimchagua huyo wa pili.

Dereva wa Usiku

Nimefika Morogoro, nimesoma wote kwenye foleni ya mizani. Nyota ya Kilimia naiona kweli. Nahesabu sita.